Nyumba Namba Arobaini na Saba

SEHEMU YA SITA

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, nimpe kwa ufupi asije akanikatiza njiani.

Nilikuwa diwani miaka kumi. Nikashindwa uchaguzi, nikafanya uwakili, kisha wakanivika joho nikawa jaji. Mwaka wangu wa kwanza wa ujaji nilimfunga mchora vibao mmoja miaka thelathini. Mji mzima ulimwita Brashi. Alishtakiwa kuchoma ghala la magodoro, na mlinzi alifia humo ndani. Aliyedai kumwona alikuwa mtu mmoja tu, kinyozi, aliyesema anakaa nyumba namba arobaini na saba, ng'ambo ya ghala, na kwamba alimwona kupitia dirishani akitembea na galoni la thina, dawa ya kuzimulia rangi.

Tangu hukumu ile, saba za Brashi zinanifuata. Alikuwa akiichora saba yake na mkia mrefu unaopinda kushoto, na hakuna duka mjini ambalo hajalichorea namba ya simu. Ziko zahanati, ziko shuleni, iko moja kwenye mlango wa ofisi yangu. Kila asubuhi nikiingiza ufunguo naikuta inanitazama.

Wiki jana niliishia pale nilipoiona saba ya Brashi kwenye korido ya mahakama, rangi ikiwa bado mbichi. Na Brashi yuko gerezani mwaka wa nne.

Niliigusa. Kidole kikatoka cheusi.

Nikajiambia, basi, ndiyo nimekwisha. Nilikuwa na miezi nikisikia harufu ya rangi mezani wakati wa kula, mke wangu akisema hakuna harufu. Sasa nimefika mahali pa kuona.

"Utaiharibu, mheshimiwa," sauti ikasema nyuma yangu. "Bado haijakauka."

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, ovaroli limemzidi, brashi tatu zimechomekwa mfukoni. Alikuwa ametoka kubadilisha maji. Msajili alikuwa amempa kazi ya kuandika upya ule ubao wa majina ya majaji uliopo korido, na saba niliyoigusa ilikuwa ya mwisho katika mwaka wangu wa kuteuliwa. Jina langu lilikuwa juu yake, zuri kabisa, na kidole changu kimeitia doa saba yenyewe.

Nilimwuliza amejifunza wapi kuandika saba namna ile.

"Kwa baba."

Sikuhitaji kuuliza baba yupi. Nikashika ukuta, nikajikaza kama mtu anayesoma majina ya wenzake.

Mimi ni mwanasiasa mzee. Mtu akinibana, mdomo wangu unajua pa kwenda hata kichwa kikiwa hakijafika. Nikamwambia, "Pole, mwanangu."

"Mimi nina baba, mheshimiwa," akasema, wala hakusema kwa hasira. Akachukua kitambaa, akafuta doa la kidole changu, akaanza kuichora tena ile saba.

Aliongea akiwa amenipa mgongo. Alisema rufaa ya baba yake inasikilizwa Jumatano ijayo saa tatu, mbele ya majaji watatu. Amesoma mwenendo wote wa kesi, kurasa mia mbili na kumi na mbili, mara nne. Maswali yote yamo, majibu yote yamo, hata pale baba yake alipokohoa akaomba maji pamo.

"Ila kuna jibu moja halimo," akasema. "Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikalisikia. Kwenye karatasi halimo."

Hapa nieleze kidogo, maana wasomaji wengi hawajui tunavyofanya kazi. Katika mahakama zetu jaji ndiye anayeandika. Shahidi anasema, jaji anaandika kwa mkono wake, karani anakuja kuchapa baadaye. Majaji wa rufaa hawakuwepo, wana karatasi tu. Kile ambacho jaji hakukiandika, kwao hakikusemwa.

Na nieleze kuhusu barua. Wakili wa Brashi alibisha kwamba kinyozi hajawahi kukaa mtaa ule, kahamia baada ya moto. Kinyozi akatoa barua ya ukazi ya zamani. Ilisema ni mkazi wa nyumba namba arobaini na saba, na tarehe yake ilikuwa mwaka wa tatu wa udiwani wangu. Chini kulikuwa na saini ya diwani, yaani mimi. Wakili akasema mheshimiwa, saini hii ni yako. Nami nikamjibu kwamba basi mahakama haihitaji shahidi mwingine wa kuithibitisha. Korti nzima ilicheka, waandishi wakaandika, nikajisikia jaji kamili.

Nilipaswa kuikataa kesi ile dakika ileile. Lakini mjini walikuwa wakinisema, diwani kavaa joho. Brashi alinichorea kampeni zote tatu. Nikijitoa, watasema nimemkwepa rafiki. Nikimwachia, watasema nimelipa fadhila. Nilitaka waone kwamba sasa najua kusema hapana.

"Baba alisema nini?" nikamwuliza binti.

Akageuka. "Alisema zile namba za nyumba alizichora yeye. Mwaka wako wa mwisho wa udiwani. Kabla ya hapo nyumba za mtaa ule hazikuwa na namba. Sasa barua ya mwaka wako wa tatu iliijuaje arobaini na saba?"



Kila Nyumba na Namba Yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kaulimbiu yangu ya kampeni ya tatu. Nilipiga picha nimepanda kwenye stuli, brashi mkononi, Brashi mwenyewe amenishika kiuno nisianguke. Hakuna mtu duniani aliyejua tarehe za zile namba kuliko sisi wawili. Mtaa wenyewe haupo tena, walibomoa kupanua barabara, na wakazi wametawanyika.

Nikamwambia sikulisikia jibu lile. Feni ya korti ilikuwa inapiga kelele.

Binti akarudi kwenye ubao, akauvuta mkia wa saba taratibu, mpaka mwisho.

Siku ileile mchana nilikwenda kwa Bi Muhuri.

Huyu alikuwa karani wangu wa udiwani. Siku hizi anashona sare za shule barazani kwake, na bado ananiita mheshimiwa diwani, ujaji wangu hautambui. Alipoona nimekuja bila dereva, alisimamisha cherehani.

Niwaambie tulivyokuwa tukifanya, maana hapa ndipo aibu yangu ilipoanzia. Mtu akitaka kumwandikisha mtoto shule, kuunganishiwa umeme, hata kumwekea ndugu dhamana, anaambiwa alete barua ya diwani kwamba ni mkazi. Kila Jumatatu foleni ilifika barabarani. Mimi nilikuwa na vikao, na diwani hasemi hapana. Basi nikawa nasaini karatasi tupu, mia mbili kwa mkupuo, nikiongea na simu. Bi Muhuri alijaza jina, nyumba na tarehe, akagonga muhuri. Watu walinisifu kwamba sina urasimu.

Nikamwuliza kama siku nilipoondoka ofisini karatasi zilibaki.

"Zilibaki thelathini na kitu. Niliziweka kwenye kopo la biskuti. Ningezitupaje, zina saini yako?"

Nikamwuliza habari ya kinyozi. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Akasema kinyozi alimjia baada ya moto, akamwambia anataka kumwandikisha mtoto shule na wanamsumbua kwamba ni mgeni. Alimhurumia. Akaenda kwake kuona anakaa wapi, akakuta namba mlangoni, akaiandika. Tarehe aliirudisha nyuma miaka mingi, maana barua ya zamani watu wanaiheshimu. Nani aliyemtuma kinyozi, mpaka leo sijui.

"Namba hazikuwepo mwaka ule, Bi Muhuri."

Nilimwona akihesabu moyoni, mwaka baada ya mwaka.

"Yule Brashi alinichorea kibao cha mlango huu bure," akasema.

Nikamwomba aje mahakamani aseme alivyoniambia. Akanijibu kitu ambacho nilistahili.

"Ukisema wewe kwanza, mheshimiwa diwani, na mimi nitasema. Ukinyamaza, mimi ni mtu mzima, sukari imenila macho, sikumbuki kitu."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Yote, isipokuwa jambo moja, ambalo nitalisema hapo chini.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi zile kola nyeupe za joho. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye karatasi za kusaini aliweka pasi wima, akasema hilo alinionya tangu zamani nikamwona mshamba. Ni kweli alinionya.

Akanikumbusha enzi za udiwani, jinsi nyumba yetu ilivyokuwa kama stendi. Watu waliingia mpaka chumbani kumfuata mume wake kwa saini, yeye akiwa hajajifunga vizuri. Miaka hii minne ndiyo amepumzika, majirani wanabisha hodi. Sasa nataka kumrudisha wapi?

"Kuna mtu amefungwa, mama watoto," nikasema.

"Sijasema umwache. Nimesema usijimalize." Alichukua kola nyingine. "Andika ukweli wa barua. Andika ukweli wa namba. La jibu lake, andika hukulisikia. Nani atamfunga jaji kwa kutosikia?"

Lilikuwa shauri la mke anayempenda mume wake, nami nililipokea kwa mikono miwili. Jumatatu niliandika hati ya kiapo, kurasa tatu. Nilieleza karatasi za kusaini, nikaeleza kopo la biskuti, nikaeleza namba zilivyochorwa. Aya ya tisa nikaandika kwamba kutokana na kelele za feni sikulisikia jibu la mshtakiwa, na kwa sababu hiyo sikuliandika.

Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu hukumu. Asubuhi chai haikunuka rangi.

Kilichobaki kilikuwa saini ya Brashi. Ombi la kuingiza ushahidi mpya lazima lisainiwe na mfungwa mwenyewe, na hati yangu iambatanishwe nalo. Nilipomwambia nitaapa, binti yake alitayarisha ombi. Mimi nilikuwa na njia ya kuingia, kwa kuwa majaji tunaruhusiwa kukagua magereza. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkuu wa gereza, siku moja kabla ya rufaa. Alituachia chumba kwa robo saa, akasimama nje ya mlango.

Wakamleta.

Alikuwa amepungua, lakini kilichonishtua ni mikono. Miaka yote niliyomjua Brashi sikuwahi kuziona kucha zake, daima zilikuwa na rangi. Sasa zilikuwa safi kama za karani. Nilitaka kumsalimu, nikagundua sijui nimwite nani.

"Kaa, mheshimiwa," akasema yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa.

Nilimwambia nimekuja kumtoa. Nikamweleza haraka haraka, nikamsogezea ombi na hati. Alisoma hati yangu taratibu, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Alipofika kopo la biskuti alitikisa kichwa, karibu acheke. Kisha kidole kikafika aya ya tisa, kikakaa hapo.

"Feni gani?" akauliza.

"Ya korti namba mbili."

"Ile mbovu?"

Nilitazama saa yangu.

"Mheshimiwa, siku ile jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilikuwa nikiitazama ile feni naiomba izunguke. Haikuzunguka wiki nzima ya kesi yangu. Fundi wa mahakama anajua, na askari walionisindikiza wanajua."

Nikasema huenda nilichanganya, ni zamani, kelele zilikuwa za barabarani. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ilikuwa ile ya jukwaani.

Aliiweka hati mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Kazi yangu ni mkono," akasema. "Siwezi kumwangalia mtu anaandika nikaacha kuutazama mkono wake. Siku ile kila nilichosema ulikiandika. Nikikohoa, unaandika. Nikasema la namba. Mkono ukasimama. Ukaniangalia. Ukaiweka kalamu chini, ukasema nijibu swali nililoulizwa."

Chumba kilikuwa kidogo. Nje kulikuwa na wafungwa wanafagia uwanja, nikawa nasikia mafagio.

Ndugu msomaji, lile jambo nililomficha mke wangu ni hili, na nimekuficha na wewe wiki sita. Sehemu ya tatu niliandika kwamba sikulisikia jibu la Brashi. Watu wakaniandikia barua za kunionea huruma, mzee wa watu, feni imemponza. Nilizisoma nikazihifadhi.

Nililisikia. Nililisikia neno kwa neno, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeelewa kwamba barua ni ya uongo, na kwamba imetoka kwenye karatasi zangu. Lakini nilikuwa nimeshasema lile la saini, watu wameshacheka. Kuliandika jibu lile kulimaanisha kusimama mbele ya korti na kukiri kwamba diwani alikuwa akisaini karatasi tupu. Nilikuwa na miezi saba tu kazini. Niliiangalia kalamu, nikamwangalia Brashi, nikachagua. Wakili wake alikuwa amezama kwenye faili lake. Sekunde tatu hivi, hazikuzidi.

Na ndiyo maana saba zake zinanifuata. Mtu aliyekosea bila kujua hafuatwi hivi.

"Saini ombi," nikamwambia Brashi. Nilikuwa nambembeleza sasa. "Kesho saa tatu wanasikiliza. Barua imekufa, ushahidi wa kinyozi umekufa nayo, utatoka. Hiyo aya moja inakudhuru nini?"

"Wakili wa serikali atauliza habari ya feni. Fundi ataitwa. Wakikukamata na uongo mmoja, watasema na mengine yote ni ya kutunga, diwani anamtoa mtu wake. Wewe utarudi nyumbani na aibu yako. Mimi nitarudi humu, na rufaa yangu itakuwa imekwisha. Hakuna ya pili."

Alisema kweli. Jaji mimi, wakili mimi, sikuliona.

"Kata feni," akasema. "Andika ulisikia."

"Nikiandika nilisikia, Brashi, hilo si kosa tena. Hiyo ni jinai."

"Najua."

"Nitafungwa."

"Huenda."

"Wataniweka hapa hapa."

Alifikiri kidogo, kwa uso wa mtu anayepima ubao kabla ya kuuchora.

"Chumbani kwetu tuko sitini na wawili," akasema. "Tutasogea."

Hakuwa anatania, wala hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonivunja. Machozi yalinitoka mbele ya mtu niliyemfunga, na yeye akageuza uso dirishani, akanipa nafasi ya kujifuta.

Nikachukua kalamu. Nikaikata aya ya tisa, mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pembeni palikuwa na nafasi ya kutosha kuandika neno moja, nilisikia. Brashi alirudisha macho mezani, akawa anautazama mkono wangu.

Mkuu wa gereza alifungua mlango, akasema robo saa imepita na dereva wangu ameshawasha gari. Nikamwambia sawa, nakuja. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, na Brashi hajasimama.